Seremala Aliyeanguka Katika Matembezi ya Jumamosi

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: mwanamke, umri miaka 58, anayejulikana kikundini kwa jina la Mama Mkia
Kazi: mfuaji, chumba cha kufulia nguo cha hospitali
Makazi: nyumba za wafanyakazi nyuma ya hospitali hiyo, chumba cha pili kutoka bombani
Yameandikwa: Jumanne tarehe 17, kuanzia saa tatu na robo asubuhi
Shahidi amefika mwenyewe bila kuitwa.

Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa, na nimeelewa. Hakuna aliyenituma. Nasema, afande anaandika.

Huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili katika kazi ya kufua hospitalini. Miaka mitatu iliyopita kliniki ya presha na sukari ilianzisha matembezi ya pamoja kila Jumamosi asubuhi, kwa wagonjwa na kwa yeyote anayetaka kunyoosha miguu. Kiongozi ni muuguzi wa kliniki hiyo, na sote tunamwita Muuguzi. Yeye hutangulia na filimbi, mimi hukaa wa mwisho kabisa. Kazi yangu ni kuhakikisha hakuna mtu nyuma yangu. Tukisimama, Muuguzi huita, "Mkia!" nami hujibu, "Nimefunga!" maana yake wote tupo. Ndiyo sababu ya jina langu. Mwanzoni nililichukia, sasa hata wajukuu wangu wananiita hivyo.

Marehemu alikuwa seremala, mwenye miaka sitini na saba. Alijiunga nasi mwaka jana kwa sababu ya nyonga. Alitembea taratibu, kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe, kwa hiyo tulikuwa pamoja huko nyuma kila wiki. Mtu ukitembea naye mwaka mzima unamjua. Hakuwa msemaji, ila akipita penye mlango uliopinda hakuweza kunyamaza. "Tazama, Mama Mkia," alikuwa akisema, "fundi wa huu alikuwa na haraka ya kwenda kula."

Miezi mitano iliyopita alikuja mdogo wake, wa baba mmoja na mama mmoja. Huyu ni fundi redio, ana miaka sitini na moja, na daktari wake alimleta kwa ajili ya sukari. Hakujua kwamba kaka yake yumo. Siku hiyo ya kwanza nilimwona pale kwenye geti la hospitali akimwona kaka yake, kisha akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Hakuondoka, lakini alikwenda kukaa mbele kabisa, karibu na Muuguzi. Tangu hapo ikawa hivyo kila Jumamosi: mdogo kichwani, mkubwa mkiani, na sisi wengine katikati tukijifanya hatuoni.

Sababu yake alinieleza Seremala mwenyewe, mwezi wa tatu, tukiwa tumeketi kwenye ukuta wa shule akipumzisha nyonga. Mama yao alikuwa akiishi kwake. Siku moja mama aliteleza bafuni, naye Seremala alikuwa karakanani. Alimkuta jioni, ameshakata roho. Msibani, mbele ya watu, mdogo wake akamwambia, "Umemuua mama kwa kumwacha peke yake." Hiyo ni miaka tisa sasa, na hawakusemezana tena.

Nilimwuliza, "Na wewe humsemeshi kwa nini?"

Akasema, "Mimi ni mkubwa, na neno alilisema yeye. Akinisemesha yeye kwanza, hata neno moja, nitamjibu."

Hayo aliniambia mimi tu, hapakuwa na mwingine. Ningekuwa na akili ningeyaacha palepale ukutani. Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Mimi jembe sikulichukua.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumamosi, nilifika getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha Alhamisi na Ijumaa. Asubuhi hiyo haikunyesha, ila wingu lilikuwa zito. Tulikuwa watu kumi na watatu. Muuguzi alitupima presha, na ya Seremala ilikuwa nzuri. Akamtania, "Presha ya kijana, nyonga ya babu." Watu wakacheka. Nilimwona Fundi Redio naye akitabasamu, kisha akatazama pembeni. Tuliondoka saa moja kamili.

Tulipita barabara ya hospitali, ukuta wa shule na uwanja wa mpira, mpaka kwenye mfereji mkubwa wa maji ya mvua, nyuma ya maghala. Hapo pana njia mbili. Moja ni daraja la magari, ambalo ni mzunguko wa dakika ishirini. Nyingine ni kivuko cha zege. Ni nguzo nene iliyobaki katikati ya mfereji: unapanda juu yake kutoka ukingo huu, kisha unapiga hatua ndefu kwenda ukingo wa pili. Chini ni mawe, kina chake kama watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine. Aliyevuka hugeuka akampa mkono anayefuata. Wakati wa kiangazi tunavuka hapo, tena kwa vicheko. Mvua ikinyesha hatuvuki. Hiyo ni kanuni ya Muuguzi, na hajawahi kuivunja.

Tulifika hapo saa mbili kasoro dakika kumi. Muuguzi alikwisha kunyoosha mkono kuelekea darajani. Nikamfuata mbele nikamwambia, "Muuguzi, watu wamechoka. Tupite hapa, pamekauka."

Akaniuliza, "Umepaangalia?"

Nikasema, "Nimepaangalia."

Sikuwa nimepaangalia. Na watu hawakuwa wamechoka.

Afande ameniuliza kwa nini nilisema hivyo. Nilitaka wale ndugu washikane mikono. Sikuwa na sababu nyingine. Baada ya kusema na Muuguzi nilimwendea Fundi Redio nikamwambia, "Fundi, goti langu linaniuma. Nisaidie leo kukaa huku nyuma, uwapokee wazee." Alinitazama, akamtazama kaka yake. Nadhani alijua ninachokifanya. Hakukataa.

Wa mwisho tukawa wanne. Wa kwanza wetu alikuwa dereva mstaafu, tunayemwita Dereva. Nyuma yake Fundi Redio, kisha Seremala, kisha mimi. Dereva alivuka, akampa mkono Fundi Redio, kisha akageuka kuwafuata wenzake. Fundi Redio akabaki ukingoni, ng'ambo. Mimi nilimshika Seremala kiwiko akapanda juu ya nguzo. Alipokwisha kupanda ndipo nilipoiona rangi ya kijani juu ya zege, utando wa kuvu, unang'aa. Nilitaka kusema turudi. Lakini Fundi Redio alikuwa ameshanyoosha mkono wa kulia, na akasema, "Kaka, shika."

Nilikuwa hatua tatu nyuma. Nilisikia vizuri.

Seremala aliutazama ule mkono. Muda wake ni kama mtu kuhesabu mpaka tano. Mimi moyoni nilikuwa nasema, shika, shika, shika. Kisha akasema, "Nitavuka mwenyewe."

Akatanguliza fimbo mpaka ukingo wa pili, akainua mguu. Fimbo iliteleza, nikapiga ukelele. Fundi Redio alijirusha mbele kwa mikono yote miwili, akamkamata shati kifuani. Shati likachanika. Seremala akaanguka chali. Sauti ya kuanguka niliisikia, naomba nisiieleze.

Najua Dereva ameandikisha kwamba Fundi Redio alimsukuma kaka yake. Dereva si mwongo, mimi namjua. Alikuwa ametupa mgongo, aligeuka baada ya kusikia ukelele wangu, akakuta mikono miwili kifuani na mtu anakwenda chini. Aliona nusu. Mimi niliona yote, tangu mkono ulipotolewa mpaka ulipobaki mtupu.

Haukubaki mtupu hasa. Ulibaki na kipande cha kitambaa cha bluu chenye kifungo kimoja, ambacho polisi mlikichukua siku ileile.

Muuguzi aliteremka mferejini kwa magoti. Dereva alipiga simu. Gari la wagonjwa lilifika saa mbili na dakika thelathini na tano. Fundi Redio alikuwa ameketi ukingoni, miguu inaning'inia, anasema, "Nimemuua kaka yangu." Alilisema neno hilo njia nzima, na pia ukumbini hospitalini. Seremala alifariki saa tano na dakika ishirini. Binti yake mkubwa alikuwa ameshafika. Alimsikia baba yake mdogo akisema hivyo, akasimama mbele yake, akamwambia, "Umeyasema mwenyewe, baba mdogo. Mimi nimesikia." Ndipo binti huyo akaja hapa kituoni kushtaki, na Fundi Redio akakamatwa.

Mimi nilikuwa kwenye benchi lilelile, viatu vimejaa tope. Ningeweza kunyanyuka nikasema. Sikunyanyuka.

Jumapili jioni Muuguzi alikuja chumbani kwangu. Alisema, "Mama Mkia, wakikuita, waambie uliyoyaona kwenye kivuko. Habari ya nani alichagua njia iache. Watafunga kikundi na mimi watanifukuza kazi." Nilimpa chai. Alikunywa nusu kikombe akaondoka. Sikumpa ahadi, lakini sikumkatalia pia. Naomba iandikwe kwamba Muuguzi hakuvunja kanuni kwa kupenda. Mimi ndiye niliyemwambia pamekauka. Kosa lake ni kuniamini.

Jumatatu tarehe 16, saa kumi na mbili asubuhi, niliingia kazini kupanga nguo za mwisho wa wiki. Mifuko ilikuwa tisa. Kwa kawaida nguo za marehemu hupewa watu wake, lakini katika mfuko wa wodi ya dharura, ndani ya shuka lililokunjwa ovyo, nilikuta shati la bluu. Nililijua. Kila Jumamosi mwaka mzima lilikuwa pembeni yangu, na daima lilikuwa na vumbi la mbao kwenye mshono wa mfuko. Maji ya kufulia yalikuwa yameshachemka. Mwenzangu aliniita mara mbili, "Mama, tia basi." Nilimwambia hili halifuliwi.

Nimelileta, limo kwenye mfuko huu wa plastiki. Afande, mimi sijasoma, lakini nguo nazijua. Tazama hapa: limechanika kutoka kifuani kwenda ubavuni, na nyuzi za vifungo vilivyobaki zimevutwa kwenda nje. Shati hili limevutwa na mtu. Anayesukuma habaki na kitambaa mkononi. Lipimeni na kile kipande mlicho nacho.

Jumatatu hiyo saa kumi alasiri tulimzika. Fundi Redio alikuwa humu ndani, hakuzika. Nilimpa pole yule binti, akanishika mkono na kunishukuru kwa kuwa karibu na baba yake siku zote. Sikujua niuweke wapi uso wangu. Hapo ndipo nilipoamua kuja.

Nimeambiwa kwamba Fundi Redio hali chakula, na akiulizwa anarudia neno lile moja. Mimi nasema hakuua. Alimsemesha kaka yake na akamnyooshea mkono. Aliyewapeleka kwenye ile nguzo ni mimi, na kama kuna karatasi ya kuandika hilo, basi liandikwe kwa jina langu.

Sina la kuongeza. Niliyoyaona nimeyasema, na niliyoyafanya pia.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA

Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa lugha anayoielewa. Nimepokea kutoka kwake shati moja la bluu lililochanika, lisilofuliwa. Limelinganishwa na kipande kilichochukuliwa tarehe 14, na vimeoana uzi kwa uzi. Dereva ataitwa kuhojiwa upya, na Muuguzi naye ataitwa. Mkuu wa kituo ameagiza Fundi Redio aachiwe leo kwa dhamana. Suala la shahidi kudanganya kuhusu hali ya kivuko limewekwa katika jalada hilihili kwa uamuzi. Amejulishwa, akasema sawa.

Wakati wa kumsomea, nilipofika kwenye maneno "Nitavuka mwenyewe," shahidi alinisimamisha. Aliomba niongeze hapo "mdogo wangu." Niliongeza. Kisha nikamwuliza kama aliyasikia maneno hayo mawili ya nyongeza kwa masikio yake. Akasema, "Ningependa mdogo wake ayapate." Nilirudia swali. Akajibu kwamba hakuyasikia.

Maneno hayo mawili yamekatwa kwa mstari mmoja, na sote wawili tumetia sahihi pembeni.

Sajenti wa zamu, saa tano kasoro robo asubuhi.