Ng'ombe wa Marani Wasiingie Kwanza

Edmonton, Kanada

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, na kabla hujasoma mstari wa pili angalia ni nani amekaa karibu nawe. Kama Baba yuko hapo, ikunje barua hii uiweke kwenye leso, uje uisome ukiwa katikati ya majani chai ambako hakuna wa kuchungulia. Ndiyo sababu sikupiga simu. Simu yako unaifungulia sauti kama redio, na Baba hunijibu kabla yako. Barua nitampa Askah, mwenzangu wa kazini wa kutoka Nyakoe anayekuja nyumbani likizo, akuletee mkononi. Nilimwambia ndani kuna mambo ya kanisa, akaniangalia vibaya, basi nitaongeza gundi kwenye bahasha.

Mko salama hapo Ekerenyo? Mvua imerudi? Ile migomba ya nyuma ya jikoni imesimama, ama upepo uliiangusha yote? Na goti la Nyanya linaendeleaje? Goti hilo naliulizia kwa sababu, na sababu utaiona mbele.

Utashangaa kuona naandika Kiswahili kama mtoto wa shule anayeandika insha. Nilianza kwa Ekegusii nikashindwa. Kwa Ekegusii wewe ni mama yangu, mimi ni mtoto wako, na chinsoni, ile aibu ya heshima, inanifunga mdomo. Yapo mambo ambayo mtoto hayatamki mbele ya mzazi, hata kama nyumba inaungua. Kwa Kiswahili aibu inapungua kidogo. Nivumilie hivyo hivyo.

Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina huruma. Kope zinaganda nikisubiri basi la asubuhi. Kazi ni ile ile ya kuwahudumia wazee. Yuko mama mzee mmoja anayeficha meno yake ya bandia chini ya mto, kisha anawaambia wenzangu kwamba nimeyaiba. Wengine hawamtaki, lakini mimi na yeye tunapatana, kwa sababu naye hamwamini mtu. Krismasi binti yake alinishukuru kwa zawadi, kijisanduku chenye kichupa cha plastiki. Unatema mate ndani, unayatuma kwa posta, nao wanapima DNA na kukuambia ukoo wako ulitoka wapi na ni nani wa damu yako.

Wewe unanijua. Nilikaa na kile kichupa miezi mingi. Nilijiuliza mate yangu watayafanyia nini, watamuuzia nani, na huyu mama mwenye meno amewatuma wanipeleleze au vipi. Mwishowe nikatema kwa hasira tu, kwa sababu wenzangu walinicheka sana.

Majibu yalipokuja sikuona ajabu mwanzoni. Alikuwepo Kemunto, binti wa mjomba, yule aliye Texas, kumbe naye alipima. Juu yake kulikuwa na mama mmoja aliye Uingereza ambaye simjui. Na chini yao kulikuwa na Nyaribo.

Nyaribo unamjua kwa jina. Ni kaka mkubwa wa Mogaka, huyu Mogaka wa Marani anayetaka kumwoa Kerubo wetu. Anaendesha malori huko Uingereza, na ndiye anayeandika ujumbe mrefu katika kundi letu la WhatsApp la maandalizi. Kompyuta ilisema damu tunayoshiriki mimi na yeye ni nyingi mno, haiwezi kuwa bahati tu. Ilikisia kwamba babu yetu ni mmoja.

Nilisema ni makosa. Nilisema maabara imechanganya mate. Kisha Nyaribo mwenyewe akaniandikia kando: "Shemeji, nimeona jina lako mahali sikutarajia. Hii maneno tunaiongeleaje?"

Mama, nilimshuku hapo hapo. Nilidhani ni ujanja wa watu wa Marani. Mazungumzo ya mahari yamekwisha, siku ya kuleta ng'ombe imepangwa, sasa wanatafuta kisingizio cha kurudi nyuma na kumwachia dada yangu aibu. Nikamwuliza maswali ya mitego, majina ya wazee wao, kijiji, kanisa, nikizunguka na kurudia swali lile lile kwa maneno mengine. Akajibu yote bila kujikwaa, jambo lililonifanya nimshuku zaidi. Kumbe naye alikuwa ananishuku mimi. Alidhani nyumbani kwetu tunajua jambo na tunalificha ili ng'ombe wafike kwanza.

Tulipopigiana kwa video ndipo niliacha maswali. Nyaribo anacheka kwa pua, kichwa kikiwa kimeinama upande, vile vile anavyocheka Baba. Kitu kama hicho hakifundishwi.

Tukaanza kutafuta pamoja, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Kemunto wa kwa mjomba hana uhusiano wowote na Nyaribo, kwa hiyo jambo halikupitia upande wako. Lilipitia kwa Baba. Na yule mama niliyemwona juu ni shangazi yake Nyaribo, dada wa baba yake. Mimi na huyo shangazi tunakaribiana kuliko mimi na Nyaribo. Kwa hiyo linapanda hadi kwa baba wa shangazi huyo, marehemu Mzee Ombati, aliyekuwa fundi wa kuezeka mabati. Nyaribo alisema mzee alizunguka sana ujanani akifanya kazi hiyo, Kisii na Nyamira yote.

Sasa utaelewa nilivyolala siku zile. Baba ni mwana wa Makori. Tangu utotoni tumeambiwa Babu Makori alikufa kijana kabla hatujamjua, na mimi sikuwahi kuuliza kwa nini boma letu lina kaburi la Kwamboka mama yake na halina kaburi lake. Nikamfikiria Nyanya vibaya. Nasema wazi, nilimfikiria vibaya sana, mama wa kanisa mwenye kitambaa cheupe, na nikaumia kama mtu aliyeibiwa.

Halafu nikakumbuka goti. Siku Mogaka alipokuja kwenu na wazee wake mara ya kwanza, Nyanya, ambaye haachi kuku wala soda ya mgeni, alijifungia ndani akisema goti linamuua. Nilikuuliza kwa simu kwa nini hakutoka kuwasalimia wageni. Ulinyamaza, kisha ukaniuliza kama theluji imeanza. Niliona unyamavu ule, Mama. Niliuweka moyoni.

Basi nikampigia Nyanya mwenyewe, mchana wenu, saa ambayo Baba huwa amepeleka majani kituoni. Kwa Nyanya sina aibu, na yeye hana aibu kwangu; bibi na mjukuu huambiana hata yasiyosemeka. Nikamwuliza Makori alikuwa mtu wa namna gani.

Alicheka mpaka akakohoa. "Makori hakuwa wa namna yoyote. Hakuzaliwa."

Nilikaa chini. Akanieleza taratibu kama anayemwonyesha mtoto namna ya kuchuma majani mawili na chipukizi. Kwamboka alizaa mabinti watupu, mume akafa. Nyumba isiyo na mwana ingefutika na shamba lake lingemezwa na shemeji zake. Binti yake alipoolewa akaletewa ng'ombe, na kwa ng'ombe hao hao akamwoa Nyanya, msichana mbichi kutoka kwao, awe mke wa mwana wake. Mwana huyo hakuwepo. Wakampa jina tu, Makori. Nyanya akaja kuwa mkamwana wa Kwamboka, akalala kwenye nyumba yake, akazaa, na watoto wote wakawa wa Makori. Watu wazima wa kijiji walijua. Haikuwa siri na haikuwa dhambi, alisema, ilikuwa ndoa yenye ng'ombe kuliko ndoa za siku hizi.

Mimi nilikuwa natafuta uzinzi, Mama, na hapakuwa na uzinzi. Niliona haya.

Lakini nikaendelea, kwa sababu ya Kerubo. Nikasema, "Nyanya, aliyeezeka nyumba ya Kwamboka alitoka Marani?"

Nilisikia akifunga mlango. Kisha akasema, "Nani amekuambia?"

"Mate yangu."

Hakucheka tena. Alisema alimwona Mogaka kupitia dirisha siku ile, akipita langoni na uso wa yule fundi, na magoti yote mawili yakaishiwa nguvu, si moja. Nikamkasirikia. Nikamwuliza kwa nini amekaa kimya mpaka wazee wamekubaliana mahari. Na hapa, Mama, nisome polepole, kwa sababu nilidhani ana hila na hakuwa na hila. Alisema: "Nimwambie nani? Baba yako ni mwanangu, nitamwambiaje nililala na nani? Mama yako ni mkamwana wangu, nitamtazamaje? Nimekuwa nikingoja mjukuu aniulize. Kerubo anakuja kila siku kuniuliza kama nimekunywa dawa."

Nilimwambia labda kwa mila hakuna ubaya, maana Ombati si kitu kwetu, sisi ni wa Makori. Alisema ng'ombe wa Kwamboka walimfanya Baba kuwa wa Makori, na hilo halitabadilika hata mtu akipima nini, lakini ng'ombe hawakuingia ndani ya mishipa. Wazungu husema ni binamu tu na kuona ni jambo la kawaida. Kwetu watoto wa ndugu wawili ni ndugu. Mogaka na Kerubo ni ndugu, Mama. Baba yao Mogaka na Baba yetu walizaliwa na mwanaume mmoja.

Ninajua utakachosema. Utasema Moraa polisi ameanza tena. Utasema ninamwonea wivu mdogo wangu kwa sababu yeye anaolewa na mimi umri unakwenda na hakuna aliyebisha mlango wangu. Kerubo ameshasema hivyo. Juzi nilimpigia, sikumwambia kitu, nilimwomba tu kabla ya Jumapili ya ng'ombe akakae na Nyanya na amwulize ni nani aliyeezeka nyumba ya Kwamboka. Alinijibu, "Wewe humwamini mtu hata mmoja, ndiyo maana uko peke yako," akakata simu. Nililia chooni kazini, nikanawa uso, nikaenda kutafuta meno ya yule mama mzee. Maneno yake yaliniuma kwa sababu nusu ni kweli. Lakini nusu nyingine ni kwamba nampenda, na sitaki ajue haya akiwa tayari na mtoto mgongoni.

Nyaribo ameahidi kuzungumza na upande wao, ila amesema hataanza kabla yetu, kwa kuwa aibu ni ya pande zote mbili. Simwamini sana. Huenda ananingoja mimi nivunje chungu ili yeye awe mtu mwema. Hata hivyo, ng'ombe wasitoke Marani kabla hatujamaliza kuzungumza.

Kwa hiyo imebaki kwako. Nyanya hawezi kumwambia Baba. Mimi siwezi. Mke peke yake ndiye anaweza kumwambia mume jambo kama hili, mlango ukiwa umefungwa. Mwambie pole pole. Mwambie jina lake halijaondoka, shamba lake halijaondoka, na hakuna aliyemkosea mama yake. Kisha mwambie atume watu Marani waseme tunaomba muda.

Nilikuwa nimemaliza hapo, Askah yuko mlangoni ameshavaa koti, ndipo ujumbe wa Kerubo ukaingia. Nauandika kama ulivyo: "Nimetoka kwa Nyanya. Nimemuuliza. Mama alikuwa anajua?"

Sijamjibu. Lile swali nilikuwa nalo kabla yake. Kama hukujua, sasa unajua, na nisamehe kwa kukushuku. Kama ulijua, Mama, usinieleze mimi. Toka hapo kwenye majani chai uende ukamweleze Kerubo.

Nisalimie Baba, mwenye nyumba ya Makori, mwambie koti lake nitalituma. Nisalimie Nyanya, mke wa Makori, na magoti yake yote. Nisalimie mjomba, ndugu yako wa Nyakoe, na mchungaji, na mke wa kaka na mimba yake. Mkumbatie Kerubo hata akikataa. Watu wa Marani nao nilitaka kuwasalimia, lakini kalamu imesimama, sijui niandike wakwe ama ndugu. Waite wewe jina lao, nami nitalifuata.

Ni mimi binti yako wa kwanza,
Moraa