Kilichozeeka ni Raba

Ijumaa, Rahaleo

Nina miaka sabini na sita. Nimezika wake wawili na wenzangu wote wa mpira wa meza, kasoro mtani wangu Hassani.

Huyo, mwezi mzima ananifunga. Jana kasema mbele za watu, "Mtani, kibao wape wajukuu. Mie sanda yako nishaiandaa." Vijana tunaocheza nao wakataka sasa niwe wa kuhesabu pointi tu. Roho iliniuma. Nikawaza labda kweli mkono umekwisha.

Asubuhi nikausugua mpira kwenye raba, ile ngozi iliyobandikwa juu ya kibao changu cha kupigia. Raba nzima huwa inaushika. Yangu, mpira ukateleza kama juu ya sahani. Nikapaka maji ya mabibo, dawa yangu ya siku zote ya kuirudishia raba mnato. Ukateleza vilevile.

Nikacheka peke yangu. Kilichozeeka ni raba, siyo mimi. Nikaibandua, nikabandika mpya.

Jioni nimemfunga Hassani seti zote. Mpira unapinda kama nyoka, yeye anapiga hewa.

"Mtani, umeweka dawa gani?"

"Ile sanda jifunike wewe, upepo wa leo mkali."

Anayebisha akamuulize Hassani mwenyewe. Mipira yote kaiokota yeye.