Usimpeleke Mtoto Kule

Nyumba ya Mabradha Wazee,
Tarehe 9 Januari

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na mpwa wangu. Mgongo unasemaje? Ukiinama kwenye cherehani tangu asubuhi bila kunyanyuka usimlaumu shetani, laumu kiti. Mimi ni mzima wa afya, ila mikono inanuka.

Inanuka kwa sababu nimehamishwa. Sipo tena shuleni. Nimeletwa huku wanakokaa mabradha wetu waliozeeka, na kazi niliyopewa ni nguruwe. Zahanati ya shule amepewa mtu mwingine. Najua utacheka. Cheka tu, hata mimi nilicheka siku ya kwanza, jike mmoja aliponiangusha kwenye tope nikiwa na kanzu. Asubuhi baada ya sala nalisha nguruwe, mchana nawakata wazee kucha, jioni nalisha nguruwe tena. Wazee ndio wanaolalamika zaidi.

Sasa lililonifanya niandike. Najua mmeshajiandaa kumpeleka mpwa wangu pale shuleni muhula huu. Dada, usimpeleke mtoto kule. Mtafutie shule nyingine yoyote, hata ile ya karibu na stendi yenye mabati yanayopiga kelele. Usiniulize sababu. Na simu usipige: hapa ipo moja tu, imekaa mezani kwa mkuu wa nyumba, na mkuu haondoki mezani. Andika, mpe dereva wa gari la maziwa, ataniletea.

Nawaombea kila siku.

Mdogo wako,
Bradha


Tarehe 20 Januari

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima. Mgongo ni wangu, niachie mwenyewe. Shemeji yako anakusalimu, mpwa wako anakusalimu huku amenuna. Hali yako wewe siijui, maana barua yako imejaa nguruwe na wewe mwenyewe sikukuona humo.

Eti usiniulize sababu! Hivi unamjua unayemwandikia? Mimi ndiye niliyekulea mama alipotutoka. Nilikuwa najua umeiba sukari kwa jinsi ulivyonisalimia. Mtu aliyesomea uuguzi miaka yote ile anang'olewa zahanati ghafla, hata nafasi ya kutuaga hakupewa, anakabidhiwa nguruwe, halafu ananiambia nisiulize. Sare nimeshashona mwenyewe. Nembo nimeidarizi kwa mkono, kila shati.

Na watu wanasema. Wanakwaya wanakuja kupimwa nguo za Pasaka. Wakiona nimebana pini mdomoni siwezi kujibu, ndipo wanapopata maneno. Mmoja anasema bradha wa zahanati ameondolewa kwa kuuza dawa za shule. Mwingine alishusha sauti, akasema mambo ya watoto wa watu hayafichiki, kisha akanitazama kwenye kioo aone nimelipokeaje. Nilimchoma pini. Nikamwambia bahati mbaya.

Lakini yeye aliondoka, neno lake likabaki. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kama hukufanya kitu, sema hukufanya. Kama umefanya, niambie mimi kabla sijaambiwa na mwingine. Umemgusa mtoto wa mtu? Naandika swali hili kwa sababu nina mtoto nyumbani, na likizo zote alikuwa anakuja kwako.

Jibu.

Dada yako


Tarehe 16 Februari

Dada yangu,

Amani kwako na kwa wote nyumbani. Natumaini mgongo umepoa na mpwa wangu ameacha kununa. Huku wazima, ila mzee mmoja kati ya mabradha hawa ameacha kabisa kuzungumza.

Barua yako imechelewa kunifikia, na gundi ya bahasha ilikuwa imelegea. Dereva wa maziwa anaapa hakuigusa. Sijui nimshuku nani, kwa hiyo nawashuku wote, na ni dhambi inayochosha. Hii nampa mama anayetuletea mboga.

Swali lako limeniumiza, sikufichi. Nililia bandani. Halafu nikasema ana haki, ningekuwa na mtoto ningeuliza hivyo hivyo. Jibu ni hapana. Sijamgusa mtoto, na sijauza hata kidonge.

Aliyewaumiza watoto ni Kengele. Unamkumbuka, mkuu wa shule, bradha mwenzetu, yule aliyekuja nyumbani kukuomba uniruhusu nijiunge na shirika letu la watawa, ukamkatalia mara mbili. Wanafunzi wanamwita Kengele kwa sababu akikuzaba kofi kichwa kinalia kutwa nzima. Kofi lake linatua sikioni. Nilikuwa napokea watoto wenye masikio yanayovuja, na kila mmoja alikuwa ameanguka bafuni. Mwaka jana akaletwa mtoto wa mama mmoja anayeuza mitumba, damu imekauka kwenye ukosi wa shati. Lile sikio halisikii tena, na mama yake ameambiwa aliteleza.

Nilimwendea Kengele. Akaniambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikamwandikia mkuu wa shirika. Alinijibu kwa upole kwamba haya ni mambo ya familia yetu, yatamalizwa ndani, na akaniamuru kwa nadhiri yangu ya utii nisiyatoe nje. Wiki iliyofuata nikawa huku. Mkuu huyo aliponiaga aliniambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nikisema nje, wataniondoa. Wewe unaiona kanzu, Dada, lakini hujawahi kuniuliza naipendea nini. Watu huniuliza nitakuwa padri lini, kana kwamba bradha ni padri aliyefeli mtihani. Mimi altare sikuitaka. Nilitaka kuosha vidonda, kusali na wenzangu asubuhi na jioni, na siku moja nizikwe katikati yao. Sina maisha mengine niliyoyaweka pembeni. Kukuambia wewe tu nimeshavunja amri.

Barua hii ichome.

Mdogo wako,
Bradha


Tarehe 24 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Hapa wote wazima, tunashukuru. Na wewe kula vizuri, usije ukawapa nguruwe chakula chako kwa huruma. Barua sijaichoma, jiko lilikuwa limezimika.

Kwanza nisamehe kwa swali lile. Sijutii kuliuliza, ila nisamehe.

Nilipomaliza kusoma nilishusha pumzi. Nikafumua nembo kwenye mashati, asubuhi nikampeleka mpwa wako shule ya stendi. Jioni nikakaa na chai yangu, ikapoa nikiwaza. Mimi uliniandikia kwa sababu mtoto ni wa damu yako. Yule mama wa mitumba nani alimwandikia? Yupo sokoni anaamini mwanawe aliteleza, na pengine anamgombeza kwa uzembe. Na wale wengine waliorudi muhula huu, mama zao wamewafungia masanduku wakiwaambia wawe na adabu kwa walimu. Siku unaondoka nyumbani ulinieleza kwamba bradha ni ndugu wa kila mtu, mimi nikalia kama nimefiwa. Siku ya kuwa ndugu ilipofika, ukawa mjomba tu.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sawa. Huyo mtoto alisikia la mkuu, na amevunjika sikio.

Sikuambii uache shirika. Zamani nilikuwa nakuombea wakufukuze urudi uoe, Mungu anisamehe. Sasa nikikuwaza umefukuzwa naogopa, maana nimesoma ulivyoandika. Lakini kama wanakupenda kwa sharti ufunge mdomo watoto wakipasuliwa masikio, mimi upendo huo naushuku. Siku ya wazazi ni mwezi ujao. Mimi si mzazi wa pale, mlinzi hatanifungulia geti. Wewe atakufungulia.

Dada yako


Tarehe 11 Machi

Ndugu Mzazi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ninaandika kusahihisha maelezo niliyoyatoa awali kuhusu shule yetu. Baada ya tafakari na mazungumzo na wakubwa wangu, nimebaini kwamba niliyaelewa vibaya matukio ya kawaida ya malezi. Shule ni salama, na nafasi ya mtoto wako ingalipo. Ninakuomba maelezo yale usiyafikishe mahali popote.

Ninaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza.

Wako katika Kristo,
Bradha


Tarehe 15 Machi

Wewe uliyeandika barua ile,

Salamu sikupi, kwani na wewe hukunipa.

Nina mdogo wangu mmoja. Tangu ajue kushika kalamu hajawahi kuniandikia bila kuuliza mgongo wangu, hata mwaka ule alipokuwa amelazwa yeye. Hajawahi kuniita Ndugu Mzazi, mimi niliyemfundisha kufunga vifungo vya shati. Hajawahi kuniandikia kwa mashine ya taipu. Na "usumbufu uliojitokeza" si maneno yake. Mdogo wangu angesema balaa, tena balaa lililoletwa na mtu, halikujitokeza.

Mwanzoni nilikuwa nashuku tu. Sasa najua kuna mtu ameketi kwenye kiti chake. Kama umemfungia, mfungulie. Kama anaumwa, niambie nije nimchukue. Kama wewe ndiye unayelegeza gundi za bahasha zetu, soma na hii kwa raha zako: mimi ni fundi nguo, kiraka nakijua hata kikishonwa vizuri namna gani.

Mwambie anipigie kwa hiyo simu ya mezani. Nataka kusikia sauti yake tu, hata akinifokea.

Dada yake


Tarehe 2 Aprili

Dada yangu,

U mzima? Shemeji mzima? Mpwa wangu anasoma? Na mgongo? Mimi ni mzima.

Hakuna aliyenifungia. Barua ile niliiandika mimi.

Nilikwenda kwa mkuu wa shirika kuomba ruhusa ya kusema. Hakunifokea. Alinishika bega, akaniuliza kama nimechoka kuwa bradha. Niliogopa, Dada. Nikakaa kwenye mashine ya ofisini, yeye amesimama dirishani amenipa kisogo, nikawa nabonyeza kidole kimoja kimoja. Nilikuita Ndugu Mzazi kwa sababu ningeandika Dada nisingeweza kumaliza. Halafu ikaja barua yako, unanitetea kwa mtu ambaye hayupo, unataka kuja kunichukua. Niliisomea bandani. Niliona aibu mbele ya nguruwe.

Siku ya wazazi nilikwenda bila ruhusa. Mlinzi alinifungulia, kama ulivyosema. Kengele alipomaliza kusoma matokeo nikasimama, nikasema niliyoyaona zahanati, na nikamtaja aliyeyafanya. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mbuzi. Kengele hakunitazama, alikuwa anapanga karatasi zake. Nilifikiri nikimaliza watu watalia, au watanishukuru, sijui nilifikiri nini. Baba mmoja akauliza, "We bradha, haya umeyajua tangu lini?" Nikasema tangu mwaka jana. Akasema, "Na unatuambia leo?"

Kisha akasimama mama mmoja mstari wa mbele, nikamtambua kwa mtoto aliyekaa pembeni yake.

"Mwanangu alipoletwa kwako ulimpa nini?"

Nikamwambia dawa ya maumivu, na pamba.

"Na mimi mama yake ulinipa nini?"

Nikaketi.

Polisi wameshafika shuleni, na Kengele amesimamishwa kazi. Kuhusu mimi, baraza la shirika litakaa liamue kama ninabaki. Mkuu wa nyumba haitiki salamu yangu mezani. Mzee mmoja amekataa nimkate kucha, anasema nimeiuza nyumba yetu. Yule asiyezungumza ndiye aliyenyoosha mguu. Wakinifukuza nitakuja kwako, na sitaweza kukudanganya kwamba nimekuja kwa furaha. Nataka kubaki. Nimeyasali haya mpaka maneno yameniishia.

Jana nilimfuata yule mama sokoni. Nilimwambia namjua daktari mzuri wa masikio, niliwahi kufanya naye kazi, aniruhusu nimpeleke mtoto. Aliendelea kukunja suruali. Akasema hawezi kumkabidhi mwanawe, hata kwa kuvuka barabara, mtu aliyenyamaza miezi yote ile. Niliondoka.

Leo asubuhi nimewakuta getini kwetu, yeye na mtoto. "Tuelekeze njia," alisema, "lakini kwa daktari huingii." Kwa hiyo wametangulia wao, mimi nyuma, nawaambia kata kulia, kata kushoto. Kila niliposema, mtoto aligeuza kichwa upande mmoja ili anisikie.

Wameingia sasa hivi. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la nje.

Mdogo wako,
Bradha