Chuo Chetu Kimehamia Pwani

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Leo wazazi tumeitwa chuoni kwa akina Selina, mwanangu. Moyo ulikuwa juu tangu alfajiri. Ukiitwa chuoni ujue mtoto kaharibu au ada imepanda. Kumbe ni netiboli!

Mwalimu Chenge, mkuu wa michezo, alisimama na tai shingoni. Akasema chuo kimejitoa Ligi ya Ziwa. Ndiyo ile tunayocheza na Kamanga, Magu, Musoma na Bukoba. Sasa tumeingia ligi kubwa, inaitwa Nane Bora ya Pwani. Televisheni itaonyesha, televisheni italipa. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, mikono bado ina magamba ya sato.

Mzee Yeremia akanyoosha mkono. Ni jirani yetu, mjukuu wake yuko timu moja na Selina. Pwani ipi, mwalimu? Mwalimu akamjibu kwamba pwani siku hizi siyo mahali, mzee wangu, ni kiwango. Halafu akakunjua jezi mpya. Ina mnazi kifuani! Mnazi mimi nimeuona kwenye kalenda tu.

Vyuo vya Nane Bora nimevihesabu kwenye karatasi waliyotugawia. Kumi na tatu. Nikarudia nikianzia chini. Kumi na tatu.

Haya, sijali. Selina yuko mwaka wa pili wa uuguzi na chuo kinamlipia ada kwa sababu anafunga magoli. Acheze hata mwezini. Ila asikose wodi! Mwanafunzi akikosa siku kumi za wodi anarudia mwaka, na mwaka wa kurudia chuo hakilipi. Nimemwuliza Selina mara tatu, kanihakikishia. Siku kumi.

Jumatano, 30 Aprili

Sokoni Mwaloni leo nimekoma. Paskazia wa meza ya pili binti yake Winnie anachezea chuo cha Kamanga. Miaka yote siku ya mechi yao na yetu tunapanda kivuko pamoja, tunatukanana kwa nyimbo mpaka ng'ambo, jioni tunarudi tumekauka koo. Basi leo kaniona tu — Shikamoo, mama wa pwani! Na yeye kanizidi miaka saba. Eti leo unauza sato au changu wa baharini? Wanawake walicheka hadi wateja wakageuka.

Baadaye akaja taratibu. Ligi ya Ziwa imebaki na vyuo vinne. Magu nao wanatongozwa na Ligi ya Kusini. Magu, kusini! Akasema, shoga yangu, Winnie atacheza na nani sasa, na kivuko nitapanda na nani?

Nikamkatia barafu yangu kidogo, yake ilikuwa imeyeyuka.

Jumanne, 13 Mei

Selina karudi kutoka Tanga. Waliondoka Alhamisi! Kapiga simu Singida, kapiga Dodoma, kapiga Morogoro, kila pahali anasema mama bado. Nilikuwa silali, nikisikia honi ya basi nakaa kitako. Siku mbili barabarani kwenda, mbili kurudi, ili wakacheze saa moja.

Na mechi yenyewe! Jumamosi nilienda hotelini kwa Raya mwenye televisheni, nikawaomba wanaume waniachie, nikawanunulia chai. Tulitazama wanaume watatu wenye suti wakiongea habari za mpira wa miguu. Wakaongea. Wakaongea. Halafu ndiyo netiboli, dakika nne za mwisho, na tangazo la sabuni limekaa juu ya goli. Nimeona mkono wa Selina. Ni wake, una kovu la mafuta ya moto. Nikapiga kelele — mwanangu huyo! Mwanaume mmoja akasema, wapi mama, hiyo ni sabuni.

Wamefungwa, lakini hayo madogo. Alhamisi hakuwepo wodini, Ijumaa hakuwepo. Jana kashuka kwenye basi saa tatu asubuhi, kakimbia na begi lake mpaka wodini, sista akamwambia zamu imeanza saa moja, andika umekosa. Zimekuwa tatu. Miguu imevimba kama ya mjamzito. Nimemkanda kwa maji ya chumvi, akasinzia huku anaongea.

Alhamisi, 22 Mei

Siku sita sasa, na safari ya wiki iliyopita. Na leo wameondoka tena, Kilwa. Siwezi kukaa kimya, nimevaa kitenge cha kanisani, nimeenda kwa Mwalimu Chenge.

Kanipokea vizuri, kiti, soda. Nikamwambia mwalimu, mtoto atarudia mwaka. Akasema mama, tunajenga jina la chuo. Nikasema sawa, jengeni, lakini mechi haziwezi kuwa za hapa karibu? Akasema ratiba siyo yetu, inapangwa na televisheni. Nikamwuliza, na wodi inapangwa na nani? Akafikiri kweli kweli, akasema, na wagonjwa.

Nikauliza kama Selina anaweza kuacha safari moja tu. Hapana. Asiyesafiri siyo mchezaji, na asiye mchezaji analipa ada mwenyewe. Kasema kwa upole, kama daktari.

Wakati natoka nikakumbuka, nikarudi mlangoni. Ile hela ya televisheni, mwalimu, imefanya nini? Akasema mama, hiyo yote inaishia kwenye nauli. Nauli ya wapi? Ya kwenda kuonyeshwa.

Soda niliiacha nusu.

Jumanne, 27 Mei

Tisa.

Mwalimu Chenge kaja mwenyewe Mwaloni, anaruka madimbwi na viatu vyake. Jumamosi mechi ya kwanza ya nyumbani, na Tanga. Watu wa televisheni wakipenda picha, mechi zote zilizobaki zitachezewa hapa. Wasipoipenda, Alhamisi ijayo safari ya Mtwara. Wanapenda nini, mwalimu? Watu, mama. Uwanja ujae.

Kama ni watu tu! Nimepita meza kwa meza mpaka sauti imekauka. Mtwara ni siku ya kumi, na ya kumi na moja, na ya kumi na mbili. Paskazia kasema, nakuja kwa ajili ya Selina, siji kwa ajili ya mnazi.

Jumamosi, 31 Mei

Uwanjani, mapumziko. Naandika juu ya goti.

Mechi imeanza saa sita mchana, maana jioni televisheni ina wanaume wao. Jua hili! Mwaloni nzima imekuja. Tulikaa upande wa ukuta wa madarasa, kwenye kivuli, Mzee Yeremia katikati na ngoma zake mbili. Watu wa Tanga hawazidi thelathini, wao wamekaa upande wa jua na miavuli. Na tunaongoza! Magoli mawili mbele. Selina anafunga tu, kila akifunga anaangalia upande wetu na ngoma inamjibu.

Sasa kamera. Wameiweka upande wetu, mgongoni kwetu, kwa sababu waya wa umeme unaishia ukutani. Inatazama kule. Inaona wageni thelathini na majani. Filimbi ya mapumziko ilipolia tu, binti wa televisheni kamwambia Mwalimu kwamba kwenye picha uwanja ni mtupu. Mwalimu kashika kipaza sauti: wazazi wote tuvuke, tukakae upande wa pili! Haraka!

Hakuna aliyeinuka.

Mwalimu siyo mtu wa huku, hajui. Kwetu ngoma zikishindana, kundi la Bagika huku na la Bagalu kule, hakuna refa. Refa ni watu. Ukiona watu wameinuka kwako wanavuka kwa wenzako, umeshindwa. Fungasha ngoma. Na wasichana wote wale wamekulia kwenye ngoma hizo, wamebebwa mgongoni.

Mzee Yeremia kasema miaka arobaini na mitano nimecheza Bagalu, sijawahi kuvuka, nivuke leo kwa ajili ya waya? Mwalimu akasema mzee, hii siyo ngoma, ni netiboli! Mzee akasema watu ni wale wale. Paskazia akapayuka, ihamisheni kamera, yenyewe haiumwi magoti! Binti akasema waya haufiki.

Mwalimu kaniinamia. Anza wewe, Mama Selina, wengine watakufuata. Halafu akasema Mtwara. Hilo neno moja tu.

Tisa, nikajiambia. Tisa, tisa. Nikachukua kigoda changu.

Nimevuka. Uwanja ule ni mdogo lakini leo ulikuwa mrefu. Sikugeuka. Nikamsikia Paskazia nyuma, Yesu wangu, halafu ndala zake. Halafu ndala nyingi. Sasa wote tuko huku, jasho linatuchuruzika, na binti wa televisheni ananionyesha dole gumba. Picha imejaa.

Mama mmoja wa Tanga kanisogezea mwavuli wake. Mtu mwema, ana hina mikononi. Karibu, dada yangu, mmehamia kwetu?

Kivulini kabaki Mzee Yeremia na ngoma zake. Hapigi.

Wasichana wametoka kunywa maji. Aliyeona wa kwanza ni mjukuu wa Mzee, kasimama na chupa mdomoni. Akawagusa wenzake. Selina kaangalia ukutani, kaangalia tena, kisha akaanza kunitafuta. Kanikuta katikati ya miavuli ya wageni. Nikampungia mkono. Hakunipungia.

Mwanangu, ni kwa ajili ya wodi — nitamwambiaje kutoka huku?

Filimbi. Tanga wamefunga moja. Wamefunga la pili, tumelingana. Watu wa huku wameruka juu, mwavuli umenipiga kichwani. Mwalimu anapiga kelele kwenye kipaza sauti, wazazi shangilieni, mko hewani! Kamera imetugeukia sisi. Mpira uko mikononi mwa Selina, chini ya goli kabisa, hajarusha, ananitazama. Nikiita jina lake kutoka upande huu atajua nimehamia kwa wageni, nisipoita ni Mtwara.