Badriya, Mkono wa Asila Umekaa Pale Ulipokaa Wako

Mwaka umetimia leo, Badriya wetu, tangu ulipotutoka, na nyumba yetu hii ya ng'ambo, ya Al Warqa, bado haijazoea.

Pale bandari ya Hamriya, ulikokuwa ukisimamia kazi, mizigo inapakiwa kama kawaida, magodoro na mafriji ya watu kwenda Unguja. Wahid mpakizi anasema kila akikaza kamba anakusikia ukimwambia: "Fungua, funga tena. Mzigo ukifunguka huko baharini, nani atamkabili mwenyewe?" Vya watu ulivikagua mara mbili mbili. Tumbo lako hukutaka likaguliwe hata mara moja.

Maumivu yako yalikuja mezani, mbele ya macho yetu. Ukishakula biriani ya Ijumaa, mkono wako ulikwenda chini ya mbavu za kulia ukakaa. Ulisema ni gesi. Ulichemsha tangawizi, ukamwambia mumeo Shihab, "Khalas, imepita," nasi tukaendelea kula. Miaka ikaenda hivyo. Yalipokuja macho ya manjano na kuwashwa mwili mzima, madaktari walikuta mawe ya zamani kwenye mfuko wa nyongo, na saratani imeanzia humo, imeshafika kwenye ini.

Tangu siku ile binti yako Asila anaishi na hofu. Alisikia hospitali kuwa ugonjwa huu huwapata zaidi wanawake, na watu wa makamo kwenda mbele, na wenye uzito mkubwa, na yule ambaye mzazi wake aliugua. Kuzaliwa kwake mwanamke hawezi kubadilisha, na mama yake ni wewe. Akaona kilichobaki mikononi mwake ni uzito tu. Akaacha kula. Asubuhi kahawa kavu, mchana tufaha, jioni anasema ameshiba. Nguo zikampwaya. Majirani wakamsifu. Kaka yake Thuwein akamtania, "Ukizidi hivyo, dada, tutakupitisha chini ya mlango." Asila hakucheka.

Ijumaa moja mwezi uliopita akakubali kukaa nasi mezani. Kwa furaha, mama yako akamchagulia nyama yenye mafuta, kama alivyokuwa akikuchagulia wewe. Sahani haijafika nusu, mkono wa Asila ukashuka chini ya mbavu za kulia, ukakaa.

Hakuna aliyetafuna tena. Shihab akalirudisha tonge lake kwenye sahani.

"Ni gesi tu, baba," akasema Asila.

Shihab alikuwa ameshasimama anatafuta funguo za gari. "Neno hilo lisisemwe tena nyumbani humu," akasema. "Vaa, twende."

Daktari Fairuz akampima kwa mashine ya picha ya tumbo. Mawe yapo, madogo madogo, mengi. Asila akalia, akasema yeye alijinyima ili asipatwe. Daktari akamshika bega, akamweleza kuwa kukonda kwa haraka nako huleta mawe, maana nyongo inabaki mfukoni bila kazi hadi inaganda. Uzito upunguzwe polepole, kwa mboga, dengu na kutembea, si kwa njaa. Na sigara isiguswe. Akasema pia kuwa wengi wenye mawe huzeeka nayo wasione saratani.

"Lakini wewe yanakuuma, na mama yako aliugua," akamwambia. "Mfuko huu tuutoe. Mtu anaishi bila huo."

Shihab akauliza kama ugonjwa umeshaingia. Daktari akajibu kuwa kwenye picha hajauona, ila mfuko ukishatolewa utapelekwa maabara, na huko ndiko kwenye jibu kamili.

Operesheni ni Alhamisi hii. Asila anakula sasa, kidogo kidogo, nasi tunautazama mkono wake zaidi ya tunavyotazama sahani zetu. Akijikuna tu, tunashtuka. Thuwein ameacha utani. Mama yako akisimama kusali, anapoteza hesabu ya rakaa, anaanza tena.

Jana Asila alikuja kukaa miguuni pa mama yako. "Bibi," akauliza, "wakinilaza kwa dawa, nikamwona mama, nifanye nini?"

"Msalimie," mama yako akamwambia. "Kisha urudi."

Asila amekubali. Sasa tunakuomba wewe, Badriya. Tunajua una hamu naye. Lakini akija usimkaribishe, usimkalishe. Mkazie kamba zake mara mbili, kama ulivyoikazia mizigo ya watu, umrudishe kwetu mzima.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, ambaye alitaraji kutangulia yeye. Na mumeo Shihab. Na mwanao Thuwein. Na Wahid na wenzake wote wa Hamriya. Na Asila wako, ambaye ameomba jina lake liandikwe hapa mwisho, kati ya walio hai.

Mwenyezi Mungu akurehemu. Maadamu tupo, hatutakusahau.