Tinti ya Kaka Yako

Wifi yangu mpenzi,

Sisi tu wazima, ila mimi kinyaa kimenikaba.

Umeuliza kama mtie tinti vioo vya gari-nyumba lenu. Faida ipo: jua halichomi godoro, wapita njia hawachungulii. Hasara fundi alituambia alipotutilia tinti kwenye gari-nyumba letu: giza likiingia ukawasha taa ndani, walio nje wanakuona peupe. Kaka yako, mjuaji, akang'oa mapazia yote.

Juzi jioni, giza limeshaingia, nilirudi kutoka kazini mapema kuliko kawaida, nikakuta taa inawaka ndani. Kutoka nje nikamwona shoga yangu kitandani kwangu, kavaa gauni langu la kulalia, kaka yako anamlisha uji. Phuu! Shoga alipoondoka, nikaingia, nikapakuliwa uji kwa kijiko kilekile. Eti, "Mbona huli?"

Tieni tinti, wifi. Ila taa awashe mumeo, wewe kaa nje.

Wifi yako, niliyekitupa kijiko chooni.