Ubeti Nilioinukia

Ijumaa, 6 Machi
Mazoezi ya taarab sebuleni kwangu, Kenton, London. Viti vya jikoni, kahawa, udi nimefukiza kidogo tu, jirani asije akalalamika tena. Kasrini Unguja, kabla ya mapinduzi, mama hakuimba. Alisikiliza, na asichokikubali hakikuimbwa. Mimi nimerithi kiti hicho tu. Zuhura, mwimbaji wetu, kaimba wimbo mpya wa harusi ya kesho. Midomo nimeiona. Maneno sikuyapata. Wote wakanitazama. Nikasema, "Umekaa vizuri." Mwongo mkubwa mimi.

Jumamosi, 7 Machi
Sikulala. Masikio yanazidi kuziba na hakuna ajuaye. Wakijua, nani ataniuliza tena wimbo upi mzuri? Harusi leo, Harrow.

Jumapili, 8 Machi
Balaa. Niliona wenzangu wanatikisa vichwa kwa raha, nikadhani Zuhura anamsifu bwana harusi. Nikainuka kumtunza, noti juu, nikampita Bi Salma, mama wa bwana harusi. Kumbe ni ubeti wa kumcheka mke aliyeletewa mke mwenza. Mume wa Bi Salma kaoa Mombasa juzijuzi, nani asiyejua? Na anayeinuka kutunza ndiye mwenye maneno. Bi Salma kachukua buibui lake, katoka. Harusi ya mwanawe!
Ningeusikia ubeti ule Ijumaa ningeufuta. Ndiyo kazi yangu.

Jumanne, 10 Machi
Hakuna aliyebisha hodi. Simu siiinui, hata nikiinua nitasikia nini? Najua wanasema nina inda. Haya, bora inda au uziwi? Mwenye inda huogopwa. Kiziwi huonewa huruma. Nachukia huruma.
Lakini nikikumbuka uso wa Salma, chakula hakipiti.

Jumatano, 11 Machi
Nimekwenda kwa Bi Salma bila kuitwa. Mlangoni nikamwambia: "Sikuusikia ubeti, mwenzangu. Sisikii." Kanitazama sana. Kisha kalia, nami nikalia. Kanisamehe. Kanisogelea sikioni, kapaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya barabara.

Ijumaa, 13 Machi
Mazoezi. Wamekuja wote, habari za masikio yangu wanazo, na Bi Salma pia. Zuhura alipomaliza wimbo hakunitazama mimi. Alimtazama Bi Salma. Bi Salma akatikisa kichwa kukataa, na Zuhura akaanza upya.
Nikainuka kuwatilia kahawa.